Malori ya jeshi la Marekani ya mnadani: maswali mnayouliza sana kuhusu kurusha, stelingi na breki

Huku Marekani Waswahili wanaonunua malori ya jeshi yaliyostaafu wamekuwa wengi. Wengine wanataka ya shamba, wengine wanajenga nyumba ya kusafiria, wengine wameyapenda tu, na kwa kweli ni malori ya kupendwa. Maswali yanayokuja ni yale yale kila wiki kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nazungumzia aina tatu ninazozifahamu: M35A2 ya tairi kumi (ile wanaiita deuce), M923 ya tani tano na ndugu zake, na LMTV yaani M1078. Msimamo wangu nautanguliza mapema: usiguse springi kabla hujamaliza tairi, upepo, grisi na mizani, na usiongeze spidi kabla hujamaliza breki na stelingi. Wengi wanaanzia mwisho, wanatumia hela nyingi na lori linabaki vile vile, au linakuwa la hatari zaidi kuliko walivyolinunua.

Jeshi lina hela zote zile, mbona lori lao linarusha hivi?

Kwa sababu halina mzigo, basi. M35A2 ikiwa tupu ina kama tani 6, na ilipigiwa hesabu ibebe tani mbili na kitu porini na karibu tani 4 na nusu kwenye lami. Springi za nyuma zimefanywa ngumu ili huo mzigo usizikalishe, sasa wewe umepakia begi la nguo na katoni ya maji halafu unapita kwenye shimo, springi hazipindi hata kidogo, kinachopanda na kushuka ni lori zima pamoja na mgongo wako. Halafu kumbuka umri: muundo wa M35 ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, REO wakaanza kuyatoa 1950, na uti wa mgongo wake haukubadilika sana kwa miongo mingi. Hakuna aliyekaa akafikiria dereva afike akiwa hajachoka, walifikiria lori lifike.

Sawa, naanzia wapi?

Anzia chini, ukilala kwenye turubai na tochi. Angalia bushi, yubolti, senta bolti, tairodi, nati za tairi, mipira ya breki, tokrodi za nyuma (zile nondo nene zenye bushi za mpira zinazoshikilia ekseli mbili za nyuma zisitembee). Lori lililokaa uwanjani miaka mingi bushi zake zimekauka zikapasuka, na nusu ya kile unachokiita "kurusha" ni vyuma vinavyogongana kwa sababu mpira wa katikati haupo. Piga grisi kila nipo (vile vichuchu vya kuingizia grisi) mpaka ile ya zamani nyeusi itoke yote na mpya ionekane. Ukikuta nipo haipokei grisi usiiruke, ifungue usafishe, maana hiyo ndiyo iliyosahauliwa miaka yote na ndiyo iliyokauka kuliko zote.

Na tafuta kitabu cha jeshi cha lori lako. Cha dereva wa M35A2 ni TM 9-2320-361-10, cha M939 (familia ya tani tano ambayo M923 imo) ni TM 9-2320-272-10, cha LMTV ni TM 9-2320-365-10, vinapatikana bure mtandaoni. Vimeandikwa kwa ajili ya kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika spana, kwa hiyo kila kitu kina mchoro.

Tairi za jeshi zilizokuja nazo bado zina kashata nzuri (yale meno ya tairi), si niendelee nazo?

Hapana ndugu yangu, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote.

M35A2 nyingi zinakuja na tairi 9.00-20 za kashata ile ya NDT, zile ambazo mistari yake inafanana ukiiangalia mbele au nyuma. Ni tairi za nyuzi (bias), sio za waya (radial). Tairi ya nyuzi ina kuta ngumu, ikisimama usiku kucha inabaki na sehemu bapa pale chini na asubuhi kilomita za kwanza unahisi kama ringi imepinda, halafu inafuata kila mfereji wa lami, usukani haukai. Lami ikilowa ndio balaa kabisa, ile kashata ya matope haina mshiko wowote wa maana kwenye barabara yenye maji, na lori la tani sita linateleza taratibu huku umekanyaga breki mpaka mwisho.

Kashata nzuri haimaanishi tairi nzima. Tafuta herufi DOT ubavuni, mwisho wake kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 3204 ni wiki ya 32 ya mwaka 2004. Ukiona tarakimu tatu tu, hiyo ni ya kabla ya 2000. Bonyeza ukuta wa tairi kwa kidole gumba pale karibu na ringi, ukiona nyufa ndogo ndogo zinafunguka kama udongo wa kiangazi, hiyo tairi imekwisha hata kama haijatembea maili mia.

Badilisha weka za waya. Njia ya bei ndogo ni kubaki na saizi yako ya 9.00 ila za waya, unabaki na tairi kumi na kila kitu kinaingia bila kukata. Njia wanayoipenda wengi ni kuweka singo nyuma, tairi moja kubwa badala ya mbili mbili, unabaki na tairi sita. 11.00R20 ni maarufu kwa sababu haihitaji kubadilisha mambo mengi. 395/85R20, zile za LMTV, ni nzuri sana kwa ulaini ila ringi ya M35A2 ni nyembamba kwa tairi hiyo, inabidi utafute ringi pana. Jeshi lenyewe liliifuata njia hii: M35A3 ya miaka ya 1990 ilitoka na 14.5R20 singo, pawa stelingi, injini ya Caterpillar 3116 na giaboksi otomatiki ya Allison. Kwa hiyo ukiambiwa unaharibu lori la kihistoria mwambie mtu huyo kwamba jeshi lilitangulia.

Kuna hatari gani kwenye kubadilisha tairi mwenyewe?

Ringi za pete. Ringi nyingi za M35 zinafungwa na pete ya chuma pembeni, ndani kuna tyubu na flepa. Pete ikikaa vibaya halafu ukajaza upepo, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu, sisemi hivi kukutisha, watu wamekufa. Tairi ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu, wewe usimame pembeni, sio mbele ya pete. Toa upepo wote, chomoa na sindano ya valvu kabisa, kabla hujagusa pete. Kama hujawahi kufanya hiyo kazi peleka kwa mafundi wa tairi za malori, na uwapigie simu kwanza uwaulize kama wanapokea ringi za pete maana wengi siku hizi wanakataa.

Kingine kidogo lakini kimevunja bolti nyingi: M35A2 nati za upande wa kushoto wa lori zinafunguka kinyume. Ukiweka bunduki ya upepo ya kufungulia nati ukavuta kama ulivyozoea unazidi kukaza mpaka bolti inakatika.

Niweke upepo kiasi gani?

Usitumie namba ya mtu mwingine. Pakia lori kama utakavyolitumia siku zote, mafuta tenki zima, maji, zana, familia, halafu nenda kwenye mizani. Huku Marekani vituo vikubwa vya malori vina CAT Scale yenye sahani tofauti, inakupa uzito wa mbele na wa nyuma kila mmoja peke yake. Chukua uzito wa ekseli gawa kwa idadi ya tairi zake, kisha angalia jedwali la mtengenezaji wa tairi, litakuambia uzito huo unataka upepo gani. Utashangaa, mara nyingi lori tupu linahitaji upepo mdogo sana nyuma kuliko ule uliokuta umejazwa, na hapo hapo lori linalainika bila kutumia hata dola.

Halafu hakiki kwa chaki. Piga mstari mnene wa chaki kuvuka uso wa tairi, kutoka bega hadi bega, endesha polepole kwenye lami kavu iliyonyooka umbali mfupi, shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu huku mabegani imebaki nyeupe, upepo umezidi. Ikifutika mabegani na katikati imebaki, upepo ni mdogo. Ikifutika sawasawa uso mzima umepata. Ila jedwali ndilo linaloweka kiwango cha chini, chaki haina ruhusa ya kukushusha chini ya hapo.

LMTV, M939A2 na M35A3 zina CTIS, ule mfumo wa kupandisha na kushusha upepo ukiwa umekaa ndani. Ni raha kubwa kama unafanya kazi, ila mipira na sili zake zikizeeka zinavujisha na tairi inashuka bila wewe kujua. Pima kwa geji ya mkononi, usiiamini taa ya dashibodi peke yake.

Nitoe pleti ngapi za springi?

Hili ndilo swali namba moja kwa wingi na ndilo watu hawapendi jibu lake. Jibu ni: labda hata moja.

Kama umeshaweka tairi za waya, upepo umepimwa, springi zimesafishwa (nakuja hapo chini), na lori bado gumu, na una hakika hutabeba mzigo mkubwa kamwe, basi hapo kutoa pleti kuna maana. Kama pleti ni kumi za unene sawa, kila moja unayotoa inapunguza ugumu kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kutoa moja huwezi hata kuhisi, na kutoa nyingi lori linashuka na zile zilizobaki zinabeba kazi yote. Usitoe zile fupi zote za mwisho kwa mpigo, ruka ruka, ili ngazi ibaki na umbo lake, ukitoa fupi zote unaacha pleti ndefu zipinde mahali pamoja karibu na senta bolti na ndipo zitakapovunjikia.

Mbele kuwa mwangalifu zaidi. Pleti kuu yenye macho ya kuingilia bushi ndiyo inayoshikilia ekseli ya mbele isiende nyuma wala pembeni, na ile ya pili yake ndiyo bima ikivunjika ya kwanza. Hizo mbili hazitoki, kwa hali yoyote. Nyuma ya M35 ni tofauti kwa sababu ekseli zinashikiliwa na zile tokrodi na springi inabeba uzito tu, ndiyo maana watu wanatoa pleti nyuma kwa amani zaidi.

Ukifungua: chesisi isimame kwenye stendi za uhakika, sio jeki. Kabla ya kutoa senta bolti funga springi na klempu mbili nzito, kila upande moja, maana pleti zimekandamizwa na bolti ikitoka zinafumuka. Unene uliopungua uujaze kwa kipande cha chuma au ununue yubolti mpya za kimo sahihi, usikaze yubolti ya zamani mpaka uzi uishe. Senta bolti iwe mpya ya daraja la juu. Na baada ya safari ya kwanza kaza tena, zitakuwa zimelegea, kila mara zinalegea.

Na andika mahali, kwa rangi kwenye bodi ikibidi, kwamba lori hili halibebi tena uzito uliopo kwenye bamba la jeshi. Siku utaliuza kwa mtu na yeye atasoma bamba.

Kusafisha springi kunasaidia kweli au ni maneno ya watu?

Kunasaidia sana. Springi ya pleti inafanya kazi kwa pleti kuteleza juu ya nyenzake. Lori likikaa miaka kumi na tano nje maji yanaingia katikati, kutu inavimba, na pleti zote zinashikana zinakuwa kipande kimoja cha chuma. Ukiitenganisha utaona mwenyewe: unga wa kutu mwekundu mwembamba unamwagika, na pale ncha ya pleti fupi ilipokuwa inakanyaga ile ndefu kuna kishimo kimechimbika, ukipitisha kucha inakwama. Hicho kishimo ndicho kinachofanya springi ikwame kwanza halafu iachie ghafla, na ile "tak" unayoisikia kwenye tuta dogo ndiyo hiyo.

Piga brashi ya waya mpaka chuma, sawazisha kingo za vishimo kwa msasa (kishimo kirefu au ufa wowote, pleti hiyo ni ya kutupa), paka rangi ya grafaiti au weka mikanda ya plastiki ngumu inayotengenezwa kwa kazi hiyo kati ya pleti, rudisha. Ni kazi chafu ya wikendi nzima kwa pea moja, na kwa maoni yangu hakuna kazi nyingine ya bei ile inayobadilisha lori kiasi kile.

Ila ujue, ule msuguano wa kutu ulikuwa unazuia lori lisiendelee kudunda. Ukiuondoa, lori linalainika na pia linadunda mara nyingi zaidi baada ya tuta. Hapo ndipo shokapu zinaingia.

M35A2 yangu nyuma haina shokapu, zimeibiwa?

Hapana, hazikuwepo. Ina za mbele tu. Anza kwa kubadilisha hizo za mbele, nyingi zimekufa. Nyuma kama bado una pleti zote hazihitajiki sana, ila ukishatoa pleti au ukakata lori kuwa ekseli mbili zinahitajika kweli. Fundi achomelee mabano mazuri, shokapu ikae ikiwa na nafasi ya kutosha juu na chini, pima ekseli ikiwa imening'inia kabisa na ikiwa imepanda kabisa. Shokapu ikifika mwisho kabla ya springi inang'olewa na bano lake.

Stelingi ni nzito, mkono unauma. Na mke wangu hawezi kabisa kuiendesha.

M35A2 ya kawaida haina pawa stelingi. Kwa tairi nyembamba za 9.00 unavumilia, kwa 11.00 unaumia, kwa 395 usijaribu bila msaada. Kabla ya kununua chochote inua mbele, zungusha usukani tairi zikiwa hewani, kama bado ni nzito basi tatizo ni kingipini kavu (pini ambazo tairi za mbele zinageukia) au boksi la stelingi, pawa haitatibu hiyo. Mbele pia angalia yale mabuti ya mpira kwenye magoti ya ekseli, yakichanika maji na mchanga vinaingia mle ndani kwenye grisi. Yapo mabuti ya zipu yanayofungwa bila kushusha ekseli.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza silinda ya upepo inayosukuma stelingi kwa kutumia upepo wa breki, ni rahisi kufunga ila inasukuma kwa kuchelewa kidogo na inakula upepo ambao breki zinauhitaji. Ya pili ni ya mafuta, pampu inayoendeshwa na injini na silinda au boksi jipya. Ni ghali zaidi na mimi napendelea hiyo, maana usukani unajibu pale pale.

Ikifika maili 45 usukani unatetemeka mpaka naogopa

Punguza spidi, usipige breki kwa nguvu, usipambane na usukani. Kisha tafuta kilicholegea: mtu mmoja ndani azungushe usukani kidogo kushoto kulia huku injini imezimwa, wewe chini shika kila kiungo kwa mkono, tairodi, draglinki (nondo inayotoka kwenye boksi la stelingi), kingipini, beringi za hub (kitovu cha tairi). Utakihisi kinacheza kabla hujakiona. Halafu alaimenti, na hapa usitumie kipimo cha tairi za zamani kama umeweka kubwa za waya. Balansi mwishoni. Watu wanaanza na balansi kwa sababu ni rahisi, wanamwaga shanga ndani ya tairi na mtetemeko unapungua, kumbe tairodi inaendelea kuisha taratibu.

Breki zinatosha?

Kwa M35A2, kwa maoni yangu hapana, na nikisema hivi wapenzi wa hili lori wananuna lakini nitaendelea kusema. Breki zake ni upepo juu ya mafuta: upepo unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma breki, na laini ya mafuta ni moja kwa tairi zote kumi. Mpira mmoja ukipasuka au silinda moja ya tairi ikivuja sana, pedali inaenda chini na hakuna breki hata moja iliyobaki. Ya mkono ipo, ila inashika kwenye propela shafti, ni ya kuegesha.

Kwa hiyo kabla ya singo, kabla ya rangi, kabla ya taa: mipira yote ya breki mpya, silinda za tairi zote zifunguliwe ziangaliwe, na kama mfuko unaruhusu badilisha uweke mfumo wa laini mbili ili mbele na nyuma zitengane. Zipo pia seti za breki za diski kwa ekseli za lori hili, ambazo ni za Rockwell. Ngoma zikiwa nzuri na zimerekebishwa vizuri zinasimamisha lori, sibishi, ninachokataa mimi ni ile laini moja.

Maji ya breki: jeshi linatumia ya silikoni, DOT 5, rangi ya zambarau. Usichanganye na DOT 3 wala DOT 4. Kama hujui kilichomo fungua uangalie, na kama mtu ameshachanganya, safisha mfumo mzima.

Na M923? Hiyo si ina breki za upepo kamili?

Ndiyo, na hapo shida yake iko upande wa pili, zinashika kwa nguvu mno. Lori tupu kwenye lami yenye maji, dereva akikanyaga ghafla tairi zinafunga, mkia unakuja mbele, linapinduka. Ajali zilikuwa nyingi mpaka jeshi likaweka kikomo cha maili 40 kwa saa kwa malori ya familia ya M939 na kuanza kuyafunga ABS, mfumo unaozuia tairi zisifunge. Kwa hiyo ukinunua uliza au tafuta mwenyewe kama yako ilishafungwa ABS, na kama inafanya kazi, sio nyaya zinaning'inia tu. Kwa upande wa kurusha ina uzito mkubwa zaidi kwa hiyo inatulia kuliko deuce, na M923A1 na M923A2 zilishakuja na singo za 14.00R20, wala usihangaike sana na springi zake.

LMTV ni ya kisasa, inahitaji nini?

M1078 ilitoka kwenye muundo wa Steyr 12M18 wa Austria, Stewart & Stevenson wakapata mkataba 1991 na kuyajenga Sealy, Texas. Tairi ni za waya tayari, giaboksi ni Allison ya gia saba, hapo umeshapiga hatua kubwa. Kinachochosha ni kwamba kabini iko juu ya ekseli ya mbele, wewe umekaa juu ya tairi kabisa, kila tuta unalipata moja kwa moja. Upepo sahihi, shokapu nzuri, siti nzuri, na bushi za kabini, kwa mpangilio huo.

Ila propela shafti zake zichunguze kwa bidii. Mwaka 1998 jeshi lilishusha spidi ya haya malori hadi maili 30 kwa saa kwa sababu shafti zilikuwa zinafeli. Mtetemeko wowote chini ya sakafu usiuzoee, simama uangalie krosi (viungo vya shafti) na bolti zake.

Nikibadilisha giya za hub kwenye LMTV ili niende maili 70?

Watu wanafanya na injini inapumua vizuri, kelele inapungua. Lakini hesabu ya breki haifuati unavyopenda: kutoka maili 55 kwenda 70 nguvu ya kusimamisha inayotakiwa inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Mimi ningefanya giya ili nitembee maili 58 injini ikiwa imetulia, sio ili nipite magari madogo.

Kwa M35A2 tairi kubwa zinafanya kazi hiyo hiyo kidogo. Kutoka 9.00-20 kwenda 395/85 mzunguko unaongezeka karibu asilimia 15, mizunguko ya injini inashuka kwa karibu asilimia 13 kwa spidi ile ile. Spidomita nayo itadanganya, ikisema 50 wewe uko 57. Mwisho wa injini ya M35A2, ile ya multifuel (inayokubali mafuta ya aina nyingi), ni mizunguko 2600 kwa dakika, usiipitishe hapo, hasa ukishuka mlima.

Kulikata liwe la ekseli mbili kunaongeza ulaini?

Linakuwa jepesi, linakata kona vizuri, linapendeza. Ulaini unategemea springi utakazoweka nyuma, maana zile za mwanzo za ekseli mbili hazifai tena. Na lori fupi linayumba mbele nyuma zaidi kwenye matuta, hilo halikwepeki. Umepoteza pia breki za ekseli nzima. Wengine wanaweka nyuma springi za upepo za malori ya barabarani, na zikifungwa na fundi anayejua zinafanya kazi nzuri sana kuliko pleti yoyote, kwa sababu unazirekebisha kulingana na mzigo.

Najenga nyumba juu ya chesisi, nifunge bolti kona nne?

Usifunge hivyo. Chesisi ya lori la jeshi imefanywa ijipinde, tairi moja ikipanda jiwe reli moja inapanda na nyingine inabaki. Ukifunga boksi gumu kona nne, kitu kitapasuka, ama boksi ama chesisi. Tengeneza fremu ya pili chini ya boksi, ifunge imara sehemu moja na kwingine iachie nafasi ya kupinda, kwa pivoti au kwa springi za kushikilia. Na weka vizito chini: maji, betri, mafuta, vyote chini ya sakafu. Boksi refu lenye tenki la maji juu linalifanya lori lilale kwenye kona hata ukiwa na springi ngumu kiasi gani.

Habari njema ni kwamba nyumba ya tani mbili inayokaa siku zote ndiyo dawa ya kurusha. Mtu mwenye mpango wa kujenga asitoe pleti hata moja kabla ya kumaliza na kupima.

Siti?

Siti ya upepo ya lori la barabarani, mtumba. Ina tofauti kubwa kwa mgongo. Hakikisha kichwa hakigusi paa ikipanda, na funga mikanda kwenye chuma cha sakafu kilichoimarishwa, sio kwenye bati. Halafu ziba sakafu na ukuta wa injini kwa mikeka ya kuzuia kelele, masikio yakipumzika na mwili hauchoki sana.

Naweza kuisafirisha Kenya au Tanzania?

Kenya, kwa matumizi ya kawaida ya barabarani, usijisumbue: magari yanayoingia hayaruhusiwi kuzidi miaka minane na usukani uwe kulia, haya yote ni ya usukani wa kushoto na ni mazee. Tanzania pongezi kwa anayejaribu, ila andaa ushuru wa ziada wa uchakavu na uongee na wakala wa forodha kabla hujalipia meli, sio baada. Pia kutoa gari la jeshi nje ya Marekani kuna vibali vyake vya upande wa huku, soma karatasi za mnada ulizosaini.

Wa nyumbani mwenye Bedford ya zamani ya jeshi, nayo ni springi za pleti, kwa hiyo kazi ya brashi ya waya, grafaiti, mizani na chaki inakuhusu vile vile. Mizani ipo barabara kuu nyingi, uliza ukiwa na heshima wakusomee ekseli moja moja.